Tangi la Samaki Hupimwa kwa Chakula

Anayetaka tangi la maonyesho hapa Machakos, awe mwenye hoteli au mwalimu mkuu, huanza kwa kutaja lita. Mimi huuliza samaki watakula kiasi gani. Kila kilo ya chakula cha tilapia huishia kuacha majini takriban gramu 30 za amonia, nyingi ikitokea kwenye matamvua.

Tuseme tangi ni la lita 10,000 na samaki wanakula nusu kilo kwa siku. Hizo ni gramu 15 za amonia, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Ubaya wake hutegemea pH. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia moja. pH ikipanda hadi 8.5, inakaribia asilimia 15, na maji ya visima virefu vya Ukambani mara nyingi yana chumvi na pH ya juu. Basi kwa siku moja tu sumu imefika miligramu 0.2, ilhali mimi sipendi ipite 0.02. Ukisema utaishusha kwa kumwaga maji na kutia mengine, andaa zaidi ya lita 100,000 kila siku. Katika mji unaokunywa maji ya bwawa la Maruba, nani atakupa?

Ndiyo maana maji huzungushwa, kama wanavyofanya wafugaji wa tilapia wa Kamuthanga, humuhumu kaunti ya Machakos. Kinyesi na mabaki huondolewa kwanza kabla hayajaoza. Kisha maji huingia kwenye pipa lenye vipande vidogo vya plastiki vinavyorushwarushwa na hewa. Ukikishika kimoja kinateleza. Kina utando wa kahawia, na utando huo wa bakteria ndio mtambo wenyewe. Hugeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati isiyo na makali. Kwa gramu zetu 15, mita 50 za mraba za utando zinatosha kwenye karatasi, na plastiki nzuri huzibeba ndani ya lita 100. Mimi huweka maradufu. Utando hukomaa kwa wiki nne hadi sita, na hapo wateja hukosa subira: kioo kinang'aa, mgeni rasmi ameshaalikwa!

Bakteria hao hutumia karibu gramu 7 za alkali kwa kila gramu ya amonia, kwa hiyo pH huanza kushuka. Hapo maji ya kisima, tuliyoyalaumu, yanakuwa na faida kwa alkali yake. Lakini usijazie kwayo yale yanayokauka kwa jua, maana chumvi haikauki nayo. Jazia maji ya mvua kutoka paani.

Kuna na mwinuko, ambao michoro iliyotoka pwani huusahau. Mombasa, maji ya nyuzi 25 hushika miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Machakos, mita 1,600 juu ya bahari, hayafikishi 7. Samaki na bakteria wanagawana hicho kidogo. Stima ikipotea, tangi lililosongamana linaweza kuanza kuua samaki kabla saa haijaisha, kwa hiyo betri iunganishwe kwanza na kipulizia hewa, kisha pampu. Taa za maonyesho zisubiri jenereta.