Kompresere na ekspansere: kuongoza nguvu ya sauti kanisani

Katika kanisa kama la Nyunzu sauti hazilingani hata kidogo. Padri anaanza hubiri kwa sauti ya kifua, anapanda, kiisha anamaliza karibu kwa mnong'ono; baada yake kwaya inaingia na ngoma. Anayeshika vifungo vya mikro anakimbiza mkono juu na chini, na kila mara anachelewa. Juu ya shida hiyo mafundi walitunga mashine mbili. Ya kwanza ni kompresere, wala si ile ya kujaza upepo katika mipira ya motokari, ingawa nayo inasonga kitu: inasonga nafasi iliyo kati ya sauti kubwa na sauti ndogo.

Kompresere ina mpaka, nasi twauchagua. Sauti iliyo chini ya mpaka inapita bure, iliyovuka inapunguzwa. Tukiweka kiasi cha 4 kwa 1, mlio uliovuka kwa desibeli 12 unatoka umevuka kwa 3 tu. Kwa hubiri, 2 au 3 kwa 1 yatosha. Basi, kwa kuwa vilele vimeshuka, twaweza kupandisha sauti yote, na mnong'ono unamfikia mama mzee aketiye karibu na mlango. Lakini kupandisha yote ni kupandisha vile vile mngurumo wa mashine ya umeme nyuma ya sakristia, na kukaribisha ile filimbi ya mikro ambayo kila Mkristu anaijua. Mvua ikipiga mabati, hakuna kifungo cha kusaidia; afadhali watu waimbe.

Ngoma inataka uangalifu mwingine. Kompresere ina muda wa kushika na muda wa kuachilia. Ikishika upesi mno, inakata pigo la kwanza la mkono juu ya ngozi, na ngoma inalia kama sanduku tupu. Tukiipa sehemu 20 au 30 za elfu za sekunde, pigo linapita zima. Wale waliosikia Missa Luba, iliyozaliwa Kamina katika kundi la Padri Guido Haazen na kunaswa katika sahani mwaka 1958, wanajua namna mwimbaji mmoja anavyosimama peke yake, kiisha kundi lote linamjibu. Tofauti hiyo ndiyo wimbo wenyewe. Anayeisawazisha ameuharibu.

Ekspansere inafanya kinyume: iliyo chini ya mpaka inashushwa zaidi. Kwa kiasi cha 1 kwa 2, kelele iliyo desibeli 10 chini ya mpaka inashuka mpaka 20. Padri akinyamaza, mngurumo unazama pamoja naye. Ni vizuri sana, ila mpaka ukiwekwa juu mno, Kiswahili chetu kinapata hasara kuliko Kifaransa. Sisi twakana mwanzoni mwa neno. «Hatakufa» na «atakufa» zinaachana kwa pumzi moja, na huku kwetu h yenyewe ni nyepesi. Mashine inayochelewa kufunguka inameza pumzi ile, na katika mazishi watu wa nyuma wanasikia kinyume cha ahadi. Mwishoni vile vile silabi inaanguka chini: «salini» inakatwa, inabaki «sali», kama tunamwambia mtu mmoja.

Kwa hiyo ekspansere ifunguke upesi, kwa sehemu 1 au 2 za elfu za sekunde, ifunge polepole, na mpaka wake upite kidogo tu kelele ya mashine ya umeme. Tena itangulie kompresere, la sivyo itakuta kelele imekwisha kupandishwa.

Vifungo visipimwe Jumamosi katika kanisa tupu, kwa sababu miili na nguo za watu zinakunywa sauti. Katika Misa ya kwanza ya Dominika, mkatekista mmoja akae karibu na mlango na kuandika anayoyasikia katika masomo. Akiandika «atakufa» mahali pa «hatakufa», mpaka ushushwe.