Mwaka wa tatu, mfukoni korosho

KUNA vyeo ambavyo havina mshahara lakini vina raha yake. Kimojawapo ni kuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wiki ya kufungua chuo. Unatembea polepole, huulizi njia, na watoto wa mwaka wa kwanza wanakupa shikamoo mpaka unajishika kidevu kama una ndevu.

Basi bwana, mwaka 2018 cheo hicho kilinikuta nimekaa juu ya gunia la korosho kwa mjomba, Newala, sina hata nauli.

Kwa usiyeijua Newala, mji wenyewe uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na Msumbiji ng'ambo. Mandhari ni bomba, ila maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, ndiyo maana wengine tumejua kuoga kwa kata mbili tangu utoto. Na kila kitu, iwe harusi, bati au ada, kinasubiri korosho. Korosho huanza kuuzwa Oktoba. Vyuo navyo vinafunguliwa Oktoba, Novemba. Umeiona kasheshe hiyo?

Mwaka ule ilizidi. Msimu uliotangulia baadhi ya minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini mno, wakulima wa Newala na Tandahimba wakazikataa. Mzigo ukabaki ghalani, na sisi tukabaki tunatazamana.

Hapo ndipo jamaa wa kangomba wanapopata ulaji. Hawa hawaendi mnadani. Wanakuja jioni, na bakuli lao badala ya mzani, wanamtafuta mwenye shida. Mkopo wangu wa Bodi ulikuwa haulipi ada yote, iliyobaki ilikuwa juu ya mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuja kula pilau tu, ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake.

Nilijua siri moja. Mwaka 2016, naingia mwaka wa kwanza, mjomba aliwauzia hao hao gunia zima usiku ili mimi niende Dar na sanduku jipya. Mimi nilivaa, nikapiga na picha. Habari ya lile gunia aliniambia mama mdogo baadaye sana.

Sasa jioni moja jamaa akaja tena. Ndani kulikuwa na magunia manne ambayo hayajapelekwa chama. Akataja 1,800 kwa kilo, mshiko mkononi. Mjomba akanigeukia.

"Mjomba, chuo kinafunguliwa lini?"

Kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu.

"Bado wiki mbili," nikazuga.

Mjomba akamwambia jamaa aende zake.

Kesho yake nikaaga kwamba nashuka Masasi kumsalimia mama mdogo. Nikafungasha nguo mbili na mfuko wa korosho zilizobanguliwa. Mama mdogo nikamweleza ukweli wote. Akaniangalia, akafungua pindo la khanga, akanikopesha nauli. "Ukifika piga simu," akasema, basi.

Alfajiri nikawa ndani ya basi. Jirani yangu kijana wa Masasi, ndiyo kwanza anaanza mwaka wa kwanza, kakumbatia bahasha ya vyeti. Jamani, nilimpa somo! Kuanzia Ndanda mpaka Nangurukuru ni mimi tu naongea. Boom ni nini, kudisko kunakujaje, nani umwogope na nani umzoee. Tulipofika daraja la Mkapa nikamweleza kwamba kabla ya 2003 Rufiji ilikuwa inavukwa kwa pantoni, na mvua ikikolea safari ya kusini inageuka msiba. Dogo anaitikia tu, "Sawa kaka." Nikajiona profesa.

Usiku tukafika Mabibo. Kwetu mabibo ni yale matunda ya mkorosho tunayokamulia uraka, Dar ni hosteli ya wanafunzi wa Mlimani. Huko ndiko cheo changu kilikoishia. Chumba sikuwa nimelipia, vitanda vimekwisha. Nikasimama koridoni na mfuko wangu wa korosho, mtu mzima wa mwaka wa tatu, wa mwaka wa kwanza wananipita na magodoro yao.

Dogo wa Masasi akatokea. Yeye nyumbani walishamlipia kila kitu.

"Kaka, si ulisema huku watu wanabebana? Njoo tubebane."

Kubebana, kwa wasiosoma pale, ni kulala wawili kitanda kimoja. Kwa kawaida mkubwa ndiye humbeba mdogo. Mimi nililala ukutani, miguu yangu kichwani kwake, wiki sita.

Tarehe 12 Novemba serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Magunia manne ya kilo 80, tofauti na bei ya yule jamaa ni shilingi 480,000, bila kuhesabu wizi wa bakuli. Hela zenyewe zilichelewa kuingia, na ada nilimalizia mwaka mpya, lakini zilikuwa hela kamili.

Mjomba alipiga simu siku aliyotuma. Nikaanza kujikanyaga kuhusu zile wiki mbili.

"Hee, mjomba," akanikatisha, "siku nyingine ukitaka kunidanganya, elewana kwanza na dada yangu wa Masasi. Usiku ule ule alinipigia."

Kumbe alijua. Magunia hakuyauza, kwa sababu nilishaondoka, na aibu ya kurudi nyuma ingekuwa yetu sote wawili.

Kwa hiyo wewe senia unayerudi chuo msimu huu, tembea kwa maringo, ni haki yako. Ila ukimkuta mtoto wa mwaka wa kwanza kasimama koridoni na godoro, msalimie vizuri. Huwezi kujua nani atambeba mwenzake.