Biashara ya baiskeli Kariakoo na njia ya kwenda Pugu

Kontena la baiskeli za mtumba linapofunguliwa Kariakoo, unakuta usukani umegeuzwa ukalala sambamba na fremu, pedeli zimefunguliwa, na mzigo umebanana hadi baiskeli ya kwanza hutolewa kwa kuvutwa na watu wawili. Nyingi hutoka Japani: za kikapu mbele, za gia, za watoto, na mara chache moja au mbili za mbio zenye tairi nyembamba. Mpya za China na India huja kwa mtindo mwingine. Hupakiwa vipande vipande kwenye maboksi, na mafundi huziunganisha kwenye vibaraza vya mjini. Mlango wa zote ni Bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo wanunuzi wa jumla huzipeleka Tabora, Shinyanga na Mwanza, nyingine zikavuka mpaka kwenda Zambia na Kongo.

Kwa miaka mingi mteja wa biashara hii amekuwa mtu wa kazi. Muuza madafu wa Posta hupanga shehena yake kwenye karia ya baiskeli ya Phoenix kwa ustadi ambao hakuna chuo kinachoufundisha, akafunga kwa kamba za mpira na kuisukuma zaidi kuliko kuipanda. Msafirisha mkaa kutoka upande wa Kisarawe hubeba magunia yanayomzidi kimo. Kwa watu hawa baiskeli ni mtaji. Serikali nayo iliwahi kuliona hilo: enzi za viwanda vya umma, kiwanda cha NABICO kilitengeneza baiskeli za Swala, na wazee wengi bado wanazikumbuka kwa uzito na uimara wake. Leo rafu za Kariakoo zimejaa bidhaa za nje.

Katika miaka ya karibuni soko limepata mteja wa pili, na wafanyabiashara wengi bado hawajamsoma vizuri. Huyu ana ajira au biashara yake, hupanda baiskeli Jumamosi na Jumapili alfajiri kabla malori hayajaamka, huvaa kofia ngumu na huenda na wenzake. Faida yake kwa muuzaji hailingani na ya mteja wa kazi. Anayenunua baiskeli ya kubebea mzigo anataka ikae miaka kumi bila kuguswa, na ikiharibika fundi wa mtaani huinyoosha ringi, hubadilisha spoku mbili, hupaka grisi kwenye gololi, basi. Anayeendesha kilomita nyingi kila wiki humaliza tairi, tyubu, cheni na nyaya za breki, na hurudi dukani mara kwa mara. Tatizo ni kwamba akifika Kariakoo kutafuta tairi nyembamba ya baiskeli ya mbio, mara nyingi huambiwa haipo. Huishia kumwagiza ndugu anayetoka Dubai au Ulaya, na fedha ambayo ingezunguka mtaani hulipwa kwenye duka la ng'ambo.

Mfanyabiashara ana haki ya kusita. Nani ataagiza kontena la vipuri vya mbio wakati hajui waendeshaji ni wangapi, na wao wenyewe hawana pa kuendeshea kwa amani? Kwa maoni yangu hapo ndipo biashara hii ilipokwama. Bandari ipo na mafundi wapo. Njia ndiyo haipo, ingawa ardhi yenyewe imeshaichora.

Mto Msimbazi huanzia kwenye milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka katikati ya jiji hadi kwenye bonde la Jangwani, jirani kabisa na Kariakoo, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kwenye chanzo chake kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), sehemu ya misitu michache ya mwambao iliyosalia karibu na jiji kubwa kiasi hiki. Kutoka makutano ya Kamata unashika Barabara ya Nyerere, unapita TAZARA, uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, na baada ya kilomita 25 hivi barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika. Ndani ya hifadhi kuna vijia vya udongo chini ya kivuli, na karibu na machimbo ya zamani ya kaolini kuna mapango yanayokaliwa na popo. Mtu aliyezaliwa Ilala anaweza kuzeeka bila kujua kwamba msitu huu unafikika kwa miguu yake mwenyewe na magurudumu mawili.

Lakini kufika huko ni kujihatarisha. Malori ya makontena kutoka bandarini huyasukuma magari madogo, sembuse baiskeli. Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli pamoja na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi 2016, hatua kubwa wakati ule, ila leo unazikuta na bodaboda, magari yaliyoegeshwa na meza za bidhaa. Umoja wa waendesha baiskeli, UWABA, umelipigia kelele jambo hili kwa muda mrefu. Mwendokasi wa awamu ya tatu unafuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na hapo kosa hilo halina sababu ya kurudiwa. Bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa 2025, nayo ina faida ambayo haizungumzwi sana: kila kontena linalopelekwa huko kwa reli ni lori moja pungufu mjini.

Majirani wametangulia. Nairobi wana Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, na leo mgeni hulipa kiingilio getini na kukodi baiskeli palepale. Kigali waligeuza ardhi oevu ya Nyandungu kuwa bustani yenye njia za miguu na za baiskeli, ikafunguliwa 2022, na Septemba 2025 mji huo ukaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Rwanda haina bandari ya bahari. Lakini imewapa waendeshaji pa kuendeshea.

Dar es Salaam ina nafasi ambayo haitarudi upesi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, unaohusisha daraja jipya la Jangwani, kudhibiti mafuriko na kutengeneza bustani ya jiji pale ambapo maji yalikuwa yakimeza nyumba. Familia nyingi zimehamishwa ili ardhi hiyo ipatikane, na kwa ajili yao pia itakuwa aibu bonde likibaki uwanja mtupu. Njia ya baiskeli iliyotengwa kwa kingo, kutoka Jangwani kupandisha mto kadiri inavyowezekana, ingegharimu sehemu ndogo ya fedha hizo kama ingeingizwa kwenye michoro sasa. Kuichimba baadaye ni gharama nyingine kabisa.

Upande wa juu hauhitaji kusubiri mkopo. TFS na Halmashauri ya Kisarawe wanaweza kuweka vibao vya kilomita kutoka Pugu Kajiungeni hadi getini, kupanga kiingilio cha baiskeli na kumpa fundi mmoja kibanda chenye pampu, tyubu na viraka. Mama lishe watajitokeza wenyewe. Nao wauza jumla wa Kariakoo, wakiagiza kwa ushirika kontena moja la vipuri vya tairi nyembamba badala ya kila mmoja kuogopa peke yake, watajua ndani ya msimu mmoja kama mteja huyu wa pili anatosha kujengewa rafu yake.