Je, Wajua? Pakiti ya Sigara Inavyosema na Mvutaji

Je, wajua kwamba mvutaji anayemaliza pakiti ya sigara 20 kwa siku huichomoa mfukoni zaidi ya mara 7,000 kwa mwaka? Hakuna bango la barabarani wala tangazo la redio linaloweza kumfuata mtu hivyo, kazini, baa, hadi kitandani. Ndiyo maana kampuni za tumbaku zimegombea kila sentimita ya kile kiboksi.

Je, wajua kwamba Marekani ndiyo iliyotangulia kuweka onyo kwenye pakiti? Ripoti ya Luther Terry, daktari mkuu wa serikali, kuhusu madhara ya sigara ilitolewa Januari 11, 1964. Ilikuwa Jumamosi, ili soko la hisa liwe limefungwa. Tangu 1966 pakiti zikaandikwa kwamba kuvuta sigara huenda kukadhuru afya. Huenda! Kama mtu anayemwambia mwenzake nyumba inaungua huku akiogopa kumwamsha.

Je, wajua kwamba picha za kwanza kwenye pakiti zilikuwa michoro tu, kule Aisilandi, mwaka 1985? Picha halisi za kupigwa kwa kamera, zenye kuchukua nusu ya uso wa pakiti, zilianza Kanada kufikia 2001. Barani Afrika Misri ndiyo iliyofungua njia, 2008, Morisi ikafuata 2009.

Je, wajua kama picha hizo zinafanya kazi, au zinatisha tu? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa wavutaji 2,149. Kwa wiki nne, baadhi yao walibandikiwa onyo lenye picha kwenye pakiti zao wenyewe, wengine maandishi matupu. Wenye picha, asilimia 40 walijaribu kuacha. Wenye maandishi, asilimia 34. Waliokuwa wamekaa walau siku saba bila kuvuta jaribio lilipoisha ni asilimia 5.7 dhidi ya 3.8. Pengo dogo? Lizidishe kwa mamilioni ya wavutaji, kisha ulitazame tena. Mimi kilichonivutia zaidi ni kwamba wenye picha waliongea sana na watu wengine habari ya kuacha. Picha inamtia mtu mdomoni mwa mkewe, watoto na majirani, na hao hawakomi baada ya wiki nne.

Je, wajua kwamba hata anayeificha picha imeshamfikia? Wapo wanaohamishia sigara kwenye kopo, na wapo wanaomwomba muuzaji abadilishe pakiti wapewe yenye picha nafuu. Tafiti za Kanada hazikuona kwamba wakwepaji hao huacha sigara kwa uchache kuliko wenzao. Kukwepa nako ni kuwaza.

Je, wajua kwamba onyo huchakaa? Jicho likizoea, halioni. Kwa hiyo nchi nyingi hubadilisha picha kila baada ya muda.

Je, wajua kwamba Australia ilitafuta kwa makusudi rangi inayochukiza? Wavutaji wenyewe ndio waliotumika kuichagua: kahawia ya matope, inayopakwa pakiti zote tangu Desemba 2012, bila nembo. Mwanzoni iliitwa kijani cha zeituni, wakulima wa zeituni wakaja juu. Kisha baadhi ya wavutaji wakalalamika kwamba sigara zao zimebadilika ladha. Kilichobadilika ni karatasi ya nje.

Je, wajua kwamba kampuni ya Philip Morris iliishtaki Uruguay, nchi yenye watu wasiofika milioni nne, kwa sababu onyo lake lilikuwa limefunika asilimia 80 ya pakiti? Ikashindwa, Julai 2016.

Kenya nayo ilipelekwa mahakamani. Sheria ya mwaka 2007 ilitaka onyo kwa Kiingereza na Kiswahili, na picha zikaanza Septemba 2016. Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga kanuni zilizoleta picha hizo ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliitupa rufaa yake Novemba 2019.

Lakini je, umewahi kumtazama mvutaji wa mtaani kwetu akinunua? Hachukui pakiti. Anataja jina la sigara, anatoa sarafu, anapewa moja, anaiwasha kwa kiberiti kilichofungwa kamba kibandani. Sheria ya Kenya inakataza kuuza moja moja, kibanda hakijasikia. Picha ya mapafu yaliyooza haikumfikia mteja hata kidogo.

Je, wajua kwamba Kanada imeliona tundu hilo? Tangu Agosti 2023 kanuni zake zinataka onyo lichapwe kwenye sigara yenyewe, moja baada ya moja, karibu na kichungi. Mojawapo linasema kuna sumu katika kila pafu. Kwa Kiswahili lingegonga mara mbili, maana pafu ni mvuto na pafu ni kiungo.

Huku kwetu bado, anayeitazama picha ile kutwa nzima ni muuza kibanda, ambaye pengine hata havuti.