Imeandikwa Kitabuni, Kwa Hiyo ni Kweli?

Hebu fikiria hili. Binti ni wa ukoo wa Kihima, kijana ni Mnyambo mkulima. Wamekutana kazini Kayanga, wamependana, barua ya posa imefika nyumbani. Mara mjomba anakohoa na kusema, "Sisi asili yetu ni Uhabeshi, hata vitabu vinasema. Hatuwezi kuchanganya damu." Kikao kimya! Nani atabishana na kitabu?

Mimi nitabishana. Kazi yangu ya uhariri imenifundisha kwamba kitabu ni mtu anayeongea kwa maandishi, na mtu huulizwa maswali. Kwa nyinyi mnaopenda vitabu vya historia, dini na mafumbo ya kale, haya ndiyo maswali yangu manne. Mifano yote ni ya hapahapa kwetu, Karagwe na Kyerwa (wilaya moja hadi mwaka 2012), na majirani zetu wa Buhaya.

1. Aliona, au alifikiri?

Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe Novemba 1861, akapokelewa vizuri na Omukama Rumanyika. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1863, na kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake kina thamani kubwa. Anaeleza wake wa wakubwa walivyonyweshwa maziwa mpaka wakanenepa, kwa kuwa unene ulikuwa ndio urembo. Alimpima shemeji wa mfalme kwa futi: urefu futi 5 na inchi 8, kifua futi 4 na inchi 4. Akina dada mnaohangaika na dayati, mnasikia hayo?

Lakini Speke huyohuyo aliamini kwamba watawala wa huku ni uzao wa watu kutoka Uhabeshi, hasa kwa sababu ya sura na umbo lao. Hayo hakuyaona, aliyawaza. Basi ukisoma kitabu cha namna hii, piga mstari chini ya "niliona" na mwingine chini ya "nadhani". Utashangaa.

2. Habari ilianzia kwa nani?

Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga. Speke mwenyewe anaandika kwamba alimweleza Rumanyika kuwa ana asili ya Uhabeshi na ni uzao wa Mfalme Daudi wa kwenye Biblia. Yaani mgeni ndiye aliyemsimulia mwenyeji habari za mababu zake! Sasa miaka mia baadaye mwandishi mwingine akisikia jambo kama hilo kijijini na kuliandika kuwa "simulizi ya wazee", utajuaje kama limetoka kwa wazee au limerudi tu kutoka kwenye kitabu cha zamani?

Na si jambo la kucheka. Wazo hilo la watu bora waliotoka mbali lilidakwa na wakoloni na wamisionari, likafundishwa mashuleni Rwanda, likageuzwa kuwa sumu. Mwaka 1994 wauaji walilitumia kuwaita Watutsi wageni wanaopaswa kurudishwa Uhabeshi. Sisi tulio upande huu wa Mto Kagera tuliwaona wakimbizi wakivuka. Mjomba wa kwenye posa huenda hajui hoja yake imepita wapi.

3. Miujiza anaishughulikiaje?

Speke anasimulia kwamba baada ya kifo cha baba yao, wana wa mfalme walipewa ngoma ndogo iliyotiwa dawa waiinue. Wenzake walishindwa, Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Mwandishi mvivu atakuambia "ni uchawi" au "ni uongo", kisha afunge ukurasa. Mwandishi mzuri atauliza simulizi hiyo ilimfaidi nani. Kitabu hichohicho kinasema Rumanyika alipigana na ndugu yake Rogero, na wafanyabiashara waliotoka upande wa pwani walimsaidia. Mtu aliyepata kiti kwa msaada wa wageni ana kila sababu ya kupenda habari za ngoma iliyomchagua.

4. Je, anaweza kupimwa?

Miaka ya 1970 Mmarekani Peter Schmidt alisikia Buhaya simulizi za wahunzi wa kale. Hakuishia kusimulia. Wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri wakayeyusha chuma, naye akachimba masalia ya matanuri ya karibu miaka 2,000 iliyopita. Yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Baadaye wataalamu wengine walibisha baadhi ya maelezo yao, na hiyo ndiyo raha yake: walikuwa na kitu cha kubishia. Kitabu cha mafumbo kisichoweza kubishiwa popote ni hadithi ya kulalia tu.

Uanze na kipi?

Ukiniuliza, anza na "The Karagwe Kingdom" cha Mtanzania Israel Katoke, cha mwaka 1975, kilichokusanya simulizi za wenyeji pamoja na maandishi ya wageni. Tahadhari moja: tarehe zake za kale, kama mwaka 1400, ni makadirio, usizikariri kama siku ya kuzaliwa. Kwa upande wa dini, "Bara Bukoba" cha Bengt Sundkler, cha mwaka 1980, kina watu halisi ndani yake. Ila kumbuka aliwahi kuwa askofu wa Kilutheri huku, hivyo anaandika kama mtu wa nyumbani mwa kanisa. Hilo si kosa, ni jambo la kujua tu.

Someni wawili wawili. Mmoja atetee kitabu, mwenzake akipinge, kisha mbadilishane. Mtajuana zaidi kuliko mkikaa mbele ya runinga wiki nzima. Na siku mjomba akikohoa kikaoni, msimkatize. Mwachieni amalize, halafu kwa heshima zote mwulizeni, "Mjomba, kitabu gani, na mwandishi aliambiwa na nani?"