Deni Likikunyima Usingizi, Usikope Usiku

Tarehe 25 ikigonga, wengi wetu tunaijua ile hali. Kodi ya nyumba inakaribia, karo haijaisha, na meseji ya "mkopo wako umechelewa" inaingia kabla hujanywa chai. Simu ikilia tu, moyo unadunda.

Huo ndio msongo wa mawazo, ama stresi kama tunavyoiita mtaani. Mwili ukihisi hatari hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo unaenda mbio na misuli inakaza ili uweze kupigana ama kukimbia. Kwa hatari ya dakika chache, hiyo inasaidia. Lakini deni hukaa wiki, hata miezi, na ndipo usingizi unapotea, kichwa kinauma, tumbo linavurugika na unawafokea watoto bila sababu.

Akili nayo inabanwa. Mwaka wa 2013, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wakulima wa miwa nchini India. Wakulima wale wale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimeisha, kuliko baada ya kuvuna. Hawakuwa wamepungukiwa na werevu. Mawazo ya pesa yalikuwa yamejaza kichwa.

Ndiyo maana tunakuomba: usikope huku saa sita usiku ili ulipe kule. Kukopa harusi, kulipa matanga. Jaribu hivi kwanza:

1. Weka simu chini. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, kwa dakika chache.

2. Asubuhi, andika madeni yote kwenye karatasi: unadaiwa na nani, pesa ngapi, lini. Deni lililoandikwa halizunguki sana kichwani.

3. Mpigie anayekudai kabla ya siku ya kulipa, mkubaliane kiasi unachoweza.

4. Ongea na mtu unayemwamini, awe ndugu, rafiki ama mwenzako wa chama. Ukinyamaza, mzigo unazidi.

5. Tembea, kula, lala. Mwili uliopumzika huamua vizuri.

Pia jua haki yako. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kukutisha, kukutukana, ama kuwatumia watu walio kwenye simu yako meseji kuhusu deni lako. Ikitokea, hifadhi hizo meseji na upeleke malalamiko.

Na kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, ama umeanza kuhisi afadhali usiwepo, usingoje. Nenda hospitali iliyo karibu, ama piga 1199, namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo. Deni linaweza kupangiwa siku nyingine. Wewe tunakuhitaji leo.