Fahamu: Je, mboga za kilimo hai ni bora kwa afya?

Katika masoko ya Daraja Mbili mjini Kisii na Keroka, mpakani mwa Nyamira, mboga za kienyeji kama chinsaga na managu hazikosi mezani. Je, zilizokuzwa bila kemikali zina faida zaidi?

Kilimo hai ni nini?
Ni kilimo kisichotumia mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Mkulima hutegemea samadi, mboji na kubadilisha mazao. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, na bidhaa zilizothibitishwa hubeba nembo ya Kilimohai.

Watafiti wanasemaje?
Hawajaafikiana. Uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2012 haukuona tofauti kubwa ya vitamini, ila ulikuta mabaki machache zaidi ya viuatilifu katika mazao ya kilimo hai. Mwingine, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle mwaka 2014, ulikuta mazao hayo yana viambata vingi zaidi vinavyolinda seli na kiasi kidogo zaidi cha kadimiamu, metali yenye sumu.

Mboga za kienyeji ni za kilimo hai?
Si lazima. Chinsaga ikipigwa dawa na kuchumwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha, mabaki hufika sufuriani. Ndizi humenywa ganda, lakini mboga tunakula jani lenyewe.

Ufanye nini?
Muulize mama mboga anayekuuzia kama mboga zake zilipigwa dawa, na lini. Osha kwa maji yanayotiririka. Kuosha hupunguza mabaki, lakini hakuyamalizi yote. Lakini usiache mboga kwa kukosa nembo: mwili bado unahitaji madini na vitamini zake.